Baki

Mji huu unaandikwa Buckie,
unatamkwa Baki.
Nilipopewa barua ya safari nikaisoma kwa sauti,
nilidhani ofisi ya Aberdeen imeanza kuniamrisha kwa lugha ya mama.

Nimekuja na kamera, futi kamba,
na fomu ya kurasa saba.
Wizara imetenga fungu: vyombo vimezidi, samaki wamepungua,
anayekubali chake kivunjwe atalipwa kwa tani.
Huo ndio msaada.
Kazi yangu ni kushuhudia kwamba kimevunjika kweli,
hakikuuzwa Ireland usiku, hakikugeuzwa mgahawa,
hakikuwekwa kwenye bustani ya mtu kikapandwa maua.

Ninian Cowie amenitangulia gatini.
Amevaa suti. Ya mazishi, nadhani, au ya kuendea benki;
kwa umri wake labda ni ile ile.
Ana chupa ya chai na vikombe viwili,
kimoja changu.

Chombo kinaitwa Ebenezeri.
Maana yake jiwe la msaada, ananieleza,
kana kwamba sikukulia kwaya ya Walutheri huko Singida,
kwenye kuku na alizeti,
mbali na bahari kiasi kwamba samaki kwetu
ni kitu kikavu kinachoshuka kwenye lori.

"Kwenu mnamwitaje huyu?"
Anamchora hewani kwa kidole:
tumbo, mkia, kidevu chenye udevu mmoja.
Hatuna, nasema. Tukimhitaji tutaazima jina lake tuliandike tunavyolisikia: kodi.
"Na hilo neno kwenu lina maana?"
Ni ile inayokatwa na serikali.
Anacheka hadi chai inamwagikia tai.
"Basi mlijua," anasema. "Mlijua kabla yetu."

Dereva wa katapila ni Struan, mtoto wa dada yake,
baharia wake mpaka Januari.
Sasa analipwa kwa saa.
Pigo la kwanza linateleza.
La pili linateleza.
La tatu linaingia, na mwaloni wa miaka arobaini
unatoa sauti nisiyoweza kuiandika,
maana fomu ina visanduku tu.

Injini imetobolewa? Ndiyo.
Mkuku umekatwa mara tatu? Ndiyo.
Chombo chaweza kuelea tena? Hapana.
Maoni ya afisa: mistari miwili.

Fedha zitaingia baada ya siku tisini.
Benki itachukua yake, mabaharia wanne zao,
yeye atabakiwa na... anahesabu kwa vidole,
anafika cha tatu, anaiteremsha mikono mfukoni.
Kuna pia kozi ya bure ya kompyuta,
Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa kanisa.
Namkabidhi kipeperushi.
Anakisoma chote, hata namba ya simu,
anakikunja mara mbili
na kunifutia nacho kikombe, kwa adabu,
kabla ya kunimiminia tena.

Saa kumi, na giza limeshaingia; hapa Desemba haina jioni.
Majirani wanakuja na matoroli kuokota kuni.
Hilo linaruhusiwa.
Kisichoruhusiwa ni kifungu cha kumi na moja:
ubao wa jina.
Struan ameshuka, ameuegemeza ukutani nyuma ya gari langu,
nusu yake, EBEN,
amerudi kuwasha mashine bila kunitazama.

Napiga picha ya rundo, mgongo wangu ukiuelekea ukuta.
Kwenye mistari miwili naandika:
Vipande vyote vimehesabiwa.
Mwandiko wangu ni mzuri. Shuleni nilipewa zawadi kwa ajili yake.

Kwenye makutano ya barabara kuu taa inakuwa nyekundu.
Mbele ya bampa langu mzee mwenye suti anavuka polepole,
herufi nne kwapani,
ubao mrefu kuliko yeye, unagusa lami, unakwaruza.
Katikati ya njia anasimama, anaubadilisha kwapa.

Mimi, afisa wa serikali,
natafuta stesheni kwenye redio.